Miaka ya Kondo Pazi

Nchi yetu haihesabu miaka kwa namba. Kila mwaka huitwa kwa jina la mtu aliyeshinda mbio za baiskeli za Mlima, na ukimwuliza mtu wa kwetu umri wake atakwambia amezaliwa mwaka wa fulani, akaoa mwaka wa fulani, akazika wazazi mwaka wa fulani. Sijui nani aliyeianzisha desturi hiyo. Labda watu wa kale walizichoka namba, kwa kuwa namba haitoki jasho wala haianguki, wakataka mwaka uwe kitu chenye miguu na mapafu. Jina langu ni Sikudhani. Tangu niolewe nimeishi kona ya kumi na moja ya barabara ipandayo Mlima, na kona zote ni kumi na tisa. Wako watu wanaoishi ili wafike mahali. Mimi nimeishi nikiwatazama wanaopita, na katika kutazama huko nimepata swali moja ambalo halijaniacha: mtu anayerudi, ni yule yule aliyeondoka, au ni mwingine aliyeazima sura yake?

Aliyenipa swali hilo ni mwendesha baiskeli aitwaye Kondo Pazi.

Mwaka alioshinda mara ya kwanza, mume wangu Dihenga alikuwa mgonjwa wa mapafu. Hakuweza kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kupumzika mara mbili. Siku ya mbio alitaka atolewe nje, basi mimi na mdogo wangu Mwishehe tukambeba na kiti chake mpaka kando ya lami. Mwishehe ni mwashi, mikono yake imezoea mawe, lakini siku ile alimbeba shemeji yake kama abebaye maji kwenye sahani. Tukasubiri. Mara Kondo akatokea, peke yake, mdomo umefungwa. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akipanda Mlima mdomo umefungwa. Wenzake wote hupita kwetu wakihema kama mivukuto ya mhunzi. Yeye alipanda kama mtu anayeteremka. Dihenga, ambaye kila pumzi kwake ilikuwa kibarua, alimtazama mtu yule mwenye pumzi za kumwaga, akacheka. Alicheka kwa sauti mpaka nikaogopa.

"Umeona?" akaniambia. "Kumbe inawezekana."

Alikufa miezi miwili baadaye. Mwishehe akamchongea jiwe la kaburi, akaandika: Dihenga, amefariki mwaka wa Kondo.

Mvua zilipoanza, wapimaji walitangaza kwamba katika damu ya Kondo wamekuta dawa ya kuongeza nguvu. Sisi watu wa kona ya kumi na moja tulimtetea kuliko alivyojitetea mwenyewe. Bi Chausiku, jirani yangu, fundi cherehani aliyekuwa akishona bendera za mashabiki wa kona nzima, alisema uji wa mtoto wa watu umetiwa kitu na wenye husuda. Mwingine akasema vipimo vyenyewe ni vibovu. Mwingine akasema dawa hiyo imo hata katika maziwa ya ng'ombe wa nyanda za juu. Kila mmoja alileta udhuru wake kama watu wanaochangia msiba. Kisha Kondo akasikika redioni akilia, akasema alijua, alitumia, anaomba radhi. Unadhani tulimchukia? Tulimpenda zaidi. Aliyeshinda alikuwa juu yetu. Aliyelia alikuwa mwenzetu.

Lakini Baraza la Mbio halikuwa na machozi. Lilimfungia misimu miwili, likamvua ushindi, na kwa kuwa mtu wa pili na wa tatu nao walikutwa na yale yale, mwaka ule ukabaki hauna mwenyewe. Mwaka usio na mwenyewe hufutwa. Ndivyo sheria ilivyo. Waliolipa mahari mwaka ule wakaonekana wanakaa bila ndoa, na waliozaliwa wakawa watu wenye leo bila jana. Amri ikaja kwamba jina liondolewe kila lilipoandikwa, na Mwishehe, kwa tindo ile ile aliyochongea, akaenda kulitoa kwenye jiwe la shemeji yake. Aliporudi hakula. Jiwe sasa linasema: Dihenga, amefariki mwaka wa. Nikabaki na kaburi lisilomaliza neno lake.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Sikuwa na hasira, nilishangaa tu. Kicheko kile nilikisikia. Kilitoka kifuani mwa mtu ambaye kifua chake kilikuwa kimekataa kila kitu. Je, kicheko nacho kifutwe, kwa kuwa kilichomchekesha kilikuwa uongo? Mtu akiota anakunywa maji akaamka kiu imekwisha, amekunywa au hajanywa? Nilimwuliza Bi Chausiku. Akaniambia niache kufikiri nikiwa na njaa.

Kondo alirudi adhabu ilipokwisha, na akashinda tena. Siku aliyoshinda, mke wa Mwishehe alijifungua mtoto wa kike, shangwe za barabarani zikaingia mpaka chumbani, wakamwita Ushindi. Mwishehe, aliyekuwa amelitoa jina la Kondo kwenye jiwe, alicheza barabarani akiwa na kitambaa cha mkunga begani. Alisema mtu akianguka akainuka, kule kuinuka ndiko kushinda kwenyewe. Nasi tulimwamini, kwa sababu tulitaka kuinuka kuwe kitu kilichopo duniani.

Mara hii wapimaji hawakukuta dawa. Walikuta jokofu. Ndani ya jokofu mlikuwa na mifuko ya damu, na damu ilikuwa ya Kondo mwenyewe, aliyoitoa wakati wa mapumziko, akaihifadhi, akajirudishia usiku wa kuamkia mbio. Habari hiyo iliniondolea usingizi, lakini si kwa hasira. Nilikuwa nikiwaza: basi Kondo wa miezi ya mvua alimchangia damu Kondo wa miezi ya jua. Alijiibia, akajipa. Mtu anaweza kuwa mgeni kwa damu yake? Ikiwa jana yangu ni mali yangu, kwa nini nisiichukue leo nikaitia mshipani? Na ikiwa si mali yangu, ni ya nani? Wenzangu hawakuwa na maswali hayo. Walichoma fulana zenye sura yake katikati ya lami, moshi ukapanda kona kwa kona. Wengine walivaa makoti meupe ya dhihaka na kushika mabomba ya sindano makubwa ya karatasi. Bi Chausiku peke yake alizikunja bendera zake akaziweka kabatini na dawa ya nondo, akasema zitatumika.

Mwaka wa pili wa Kondo nao ukafutwa, kwa kuwa hata waliomfuata hawakuwa safi. Ushindi akawa mtoto asiye na mwaka. Shuleni hawakujua wamtie darasa gani, wakamsimamisha ukutani wakampima kwa urefu, na kila anapoitwa jina watoto wenzake hucheka. Tangu hapo Mwishehe hakulitaja tena jina la Kondo. Alisema tu "yule."

Safari hii alifungiwa misimu minne. Ilipokwisha, redio ikatangaza kwamba Kondo Pazi, sasa mtu wa makamo, atapanda Mlima kwa mara ya tatu.

Watu wa kona yetu tulikutana uwanja wa shule kujadili tutampokeaje. Wengine walitaka azomewe. Wengine walitaka amwagiwe maji machafu. Bi Chausiku alisimama akasema Mungu hachoki kusamehe, sasa sisi ni nani tuchoke kabla yake, na yeye bendera zake atazipeperusha. Mwishehe akasubiri kelele zitulie. Akasema kumzomea mtu ni kumpa kitu. Kumtupia kitu ni kumpa zaidi. Yeye ana shauri lingine. Kona nzima tusimame kando ya barabara kama kawaida, na yule akifika, tugeuke tumpe migongo, kimya. Asikie magurudumu yake mwenyewe tu. Watu walilipenda wazo hilo kwa jinsi lilivyokuwa baridi. Likapita. Walipouliza nani hakubali, mimi na Bi Chausiku ndio tuliobaki. Nikasema mimi sikatai wala sikubali, nataka kwanza nimwulize mwenyewe. Walicheka. Walidhani nimesema mzaha.

Siku tisa kabla ya mbio, asubuhi, nilikuwa nateka maji kwenye tangi la mbele ya nyumba. Nikasikia mnyororo wa baiskeli ukilia taratibu. Mtu akatokea konani, kofia imeshuka usoni, mdomo wazi, anahema. Alisimama mbele yangu, akashuka, akaliegemea tangi. Sikumtambua. Nilimtambua pale alipoufunga mdomo ili ameze mate.

"Shikamoo, mama," akasema. "Naomba maji."

Nilimwitikia, nikamchotea kwenye kata. Aliyatazama yale maji. Akaniambia, kwa adabu sana, kwamba haruhusiwi kupokea kinywaji mkononi mwa mtu asiyemjua, maana wapimaji wanamfuata, na akikutwa na chochote hakuna atakayeamini kwamba ametiliwa. Nikamwuliza kama anaogopa nitamtilia kitu. Akasema hapana. Anaogopa kwamba siku moja atataka kusema nilimtilia. Basi akafungua bomba la tangi, akainama, akakinga mikono yake, akanywa.

Nilimpa kigoda. Miguu yake ilikuwa na mishipa iliyovimba kama mizizi juu ya ardhi. Nikaona hii ndiyo nafasi, na mimi si mtu wa kuzunguka. Nikamwambia nina swali, amekuja Kondo yupi? Wa kwanza alilia redioni, wa pili alikuwa na jokofu. Wewe ni nani?

Hakukasirika. Alifikiri kwa muda, kama mtu anayepekua mifuko akitafuta ufunguo. Akasema watu huwa wanamwuliza kwa nini, hakuna aliyewahi kumwuliza nani. Akasema akikumbuka yule aliyeshinda mara ya kwanza, humwona kwa nyuma, kama nasi tulivyomwona, akipotea konani. Yeye mwenyewe hajapata kuwa ndani ya mtu yule. Kitu pekee anachokijua kwa ndani ni maumivu ya kona ya kumi na tano, na hayo ni yale yale miaka yote, kwa hiyo labda yeye ndiye hayo.

"Na sasa umetumia?" nikamwuliza.

"Leo sijatumia, mama."

"Na kesho?"

"Kesho bado sijafika."

Nilipenda jibu hilo na sikulipenda. Nikaona ni haki naye ajue. Nikamweleza kilichoamuliwa uwanja wa shule: kwamba watu wa kona hii hawatamzomea, watamsubiri apite, kisha watampa migongo. Nilimtazama usoni nione kama itamuuma. Kitu kilipita machoni mwake ambacho sikukielewa siku ile. Akaniuliza, "Watanisubiri?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, hata akichelewa? Nikamwambia namjua mdogo wangu, akishaazimia jambo anaweza kusubiri mpaka mvua ije. Alipanda baiskeli yake akanishukuru. Alipoondoka nilimhesabia: kutoka tangini mpaka kupotea kona ya kumi na mbili alichukua muda ambao Kondo wa zamani angekuwa ameshafika kona ya kumi na nne.

Siku ya mbio jua lilikuwa kali na barabara ikafurika tangu asubuhi. Wa kwanza kutokea alikuwa kijana ambaye hatukuwahi kumsikia, Zuberi Ngoda, mtu wa bonde la upande wa pili. Alipanda kwa kasi ambayo hata Kondo wa miaka iliyofutwa hakuwa nayo. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Niliuona. Naapa kwamba niliuona mdomo ule uliofungwa, nikajua ninachokijua, na bado koo langu lilifunguka lenyewe nikapiga kelele pamoja na wote, mikono juu, mpaka kitambaa changu cha kichwa kikaanguka. Kelele hiyo ilitoka wapi? Si moyoni, moyo ulikuwa umesimama pembeni, unatazama. Si akilini. Ninashuku kuna mtu wa tatu ndani yetu, asiye na kumbukumbu, ambaye kazi yake ni kushangilia kitu chochote kinachopanda. Yeye hachagui. Yeye ndiye anayeutaja mwaka.

Wengine wakapita, makundi kwa makundi, kisha mmoja mmoja. Kondo hakuwemo. Baada ya nusu saa watu wa kona nyingine walianza kuteremka kwenda kula. Wetu hawakuondoka. Mwishehe alisimama kwenye jua, kofia mkononi, watu ishirini na wanane nyuma yake, wakisubiri kumwonyesha mtu kwamba hawamtaki. Nilipita nikiwapa maji. Mmoja alinong'ona kwamba labda yule amejitoa, twendeni zetu. Mwishehe akasema mwenye kuchoka aende. Hakuna aliyekwenda. Sijawahi kuona mtu akisubiriwa vile. Hata maharusi hawasubiriwi vile.

Akaja. Alikuwa peke yake, baiskeli inayumba kutoka ukingo hadi ukingo, mate yamekauka pembeni mwa midomo. Mwishehe akainua mkono, na wote wakageuka. Migongo ishirini na tisa. Mimi na Bi Chausiku tukabaki tumemwelekea, yeye na bendera zake zilizonuka dawa ya nondo, mimi na kata yangu. Kimya kilikuwa kile walichokitaka. Nilisikia mpira ukibanduka kwenye lami iliyoyeyuka. Kondo akatazama migongo ile mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Hakuinamisha kichwa. Alipofika katikati yao alisema kwa sauti ndogo, isiyo na kejeli hata chembe:

"Asanteni kwa kunisubiri."

Akapita. Nilimwona Mwishehe akifumba macho. Kondo alimaliza akiwa wa sitini na tatu, dakika chache tu kabla ya muda kufungwa, na mwaka ukaitwa mwaka wa Ngoda.

Mvua zilipoanza, wapimaji walitangaza. Si Ngoda. Ngoda alikuwa safi, au alikuwa na kitu ambacho bado hakijapewa jina. Aliyekutwa ni Kondo Pazi.

Mtangazaji wa redio alicheka hewani. Nchi nzima ilicheka. Mtu ametumia dawa akawa wa sitini na tatu. Angalau angekunywa chai. Hakukuwa na fulana za kuchoma wala makoti meupe. Baraza lilimfungia maisha, habari ikasomwa baada ya bei za vitunguu. Wala hakuna mwaka uliofutwa, kwa kuwa hakuwa ameshinda chochote. Kwa hesabu ya kawaida hii ndiyo mara ambayo hakumnyang'anya mtu kitu. Basi kwa nini ndiyo mara iliyotuuma? Nasema iliyotuuma, maana kona ya kumi na moja haikucheka. Bi Chausiku, aliyesamehe dawa na akasamehe jokofu, alizitoa bendera zake zote akazichana akafanya matambara ya kupangusia cherehani. Nilimkumbusha maneno yake kwamba Mungu hachoki. Akanijibu kwamba Mungu hakukesha akishona.

Mwishehe yeye alichonga mawe siku tatu bila kuja kwangu. Siku ya nne alikuja kwangu na vumbi la mawe kichwani, akakaa, akanywa maji, akaniuliza kama mtoto: "Dada, kwa nini?" Sikuwa nimepata kumsikia akiuliza. Alikuwa mtu wa kujibu. Nikamwambia mwenye jibu nyumba yake iko chini ya Mlima, kabla ya kona ya kwanza, na miguu tunayo.

Tulimkuta Kondo uani, anaanika nguo. Baiskeli yake ilikuwa imetundikwa ukutani kwa misumari miwili. Hakushangaa kutuona. Alitupa viti, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nilimtambulisha Mwishehe, nikasema huyu ndiye aliyeamuru migongo. Kondo akamwamkia vizuri. Nikamwuliza kwanza lile lililokuwa langu: asubuhi ile kwenye tangi, aliposema hajatumia, alinidanganya?

Akasema hapana. Siku ile alikuwa hajatumia, na hakukusudia kutumia. Alianza siku nne baadaye. Alikuwa amejipima kuupanda Mlima mzima, akaona kwa nguvu zake za kweli atafika muda umefungwa, na gari la kuokota waliochelewa litakuwa limeshamfikia. Angepandishwa garini chini ya kona ya tisa.

Mwishehe akauliza, na sauti yake ilikuwa nzito, sasa ilimdhuru nini kuokotwa? Alikuwa mtu mzima, amekwisha shinda mara mbili, ingawa za wizi.

Kondo alinitazama mimi kabla ya kumjibu. "Mama aliniambia mtanisubiri," akasema. "Nilikaa misimu minne hakuna anayenisubiri. Nikaona, lolote litakalokuwa, nifike pale wanaponisubiri."

"Kukupa migongo," Mwishehe akasema.

"Huwezi kumpa mgongo mtu asiyekuwepo."

Nilihisi uzito ukihama, ukatoka kwake ukaja upande wangu, kwa kuwa maneno yale niliyapeleka mimi. Nilikuwa nimeyapeleka kwa udadisi tu, ili nione uso wake. Hakuna kipimo cha udadisi katika damu. Wapimaji hawajui kuutafuta.

Mwishehe akakohoa. Alisema ana binti, alizaliwa siku ya ushindi wa pili, akapewa jina kwa siku hiyo, na sasa hana mwaka na jina lake ni kichekesho. Anauliza kila jioni. Akasema amekuja kumsikia Kondo mwenyewe akisema amwambie nini.

Kondo alisimama, akalirekebisha shati lililokuwa kwenye kamba ingawa lilikuwa sawa. Alikuwa ametupa kisogo aliposema. "Mwambie alizaliwa. Mimi ndiye sikushinda."

Mwishehe aliinamisha uso akaushika kwa mikono yake miwili ya uashi. Alikaa hivyo mpaka nguo zilipokuwa karibu kukauka. Hakumsamehe, nilimwuliza baadaye njiani, akasema hapana, hakumsamehe. Lakini wakati wa kuondoka alimwita Kondo, kwa jina lake.

Mimi nilichelewa kuinuka. Nilikuwa naitazama ile baiskeli ukutani. Maisha yangu yote nimewaona wakipanda, na katika umri wangu huu sikuwa nimewahi kuketi juu ya tandiko. Nimehukumu pumzi za watu. Nimeona nani kafunga mdomo na nani kaufungua. Nikamwuliza Kondo kama anaweza kuniazima. Hakuniuliza ya nini. Aliishusha, akateremsha kiti mpaka chini kabisa, akakijaribu kwa kiganja.

Mwishehe alinifundisha kwenye uwanja wa shule, wiki tatu, watoto wakitazama. Nilianguka mara nyingi kuliko nitakavyoandika. Nilipoweza kwenda mbele na kugeuka, tukaenda asubuhi moja mpaka chini ya Mlima, mimi juu ya baiskeli, yeye kwa miguu kando yangu, maana kwa mwendo wangu mtu hahitaji kukimbia.

Kona ya kwanza nilifurahi. Ya pili nilinyamaza. Baada ya ya tatu, sikuwa tena na swali lolote. Nasema kweli: yule Sikudhani mwenye maswali aliachwa mahali fulani kando ya barabara, na aliyeendelea alikuwa mapaja mawili yanayoungua na mdomo wazi. Dihenga, hivi ndivyo ilivyokuwa kwako kutoka kitandani mpaka mlangoni? Hewa ipo kila mahali na haiingii. Barabara inainuka mbele ya macho kama ukuta wa nyumba. Kama mtu angetokea wakati ule akaninyooshea kidonge, mfuko, damu ya mbuzi, damu yangu mwenyewe ya ujana, nisingemwuliza kina nini. Ningemwuliza kiko wapi.

"Dada, nikusukume?" Mwishehe akasema.

Sikumjibu. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kusema hapana, neno ni fupi. Sikumjibu. Nikauhisi mkono wake mzito ukitua katikati ya mgongo wangu, na mara Mlima ukalala. Makanyagio yakawa mepesi, upepo ukanipitia masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze niliweza kuufunga mdomo.

Juu ya kona ya nne kulikuwa na wanawake wawili wanachuma chai kwenye mteremko. Mwishehe aliwaona kabla yangu, akautoa mkono wake. Wao walimwona mwanamke mtu mzima akitokea konani juu ya baiskeli, mgongo umenyooka, anakwenda. Walisimama na vikapu vyao wakanipigia makofi na vigelegele.

Nikainua mkono mmoja, nikawapungia.